Kabla ya kumwaga dawa, uliza panya ana siku ngapi

Mwaka wa kwanza wa uzamili nilimwaga chupa tatu za GABA nikiamini zimeharibika. Darasani nilikariri kwamba GABA ni breki ya ubongo: ikitua kwenye seli ya neva, seli inanyamaza. Sasa kipande cha ubongo wa panya kiko mbele yangu kwenye maji ya chumvi yenye mapovu ya oksijeni, natonesha GABA, na spika inayogeuza mapigo ya umeme ya seli kuwa sauti inatatarika kama bisi kwenye sufuria.

Nikachanganya upya. Nikapima chumvi upya. Siku ya nne msimamizi wangu akapita, akasikiliza kidogo, akauliza, "Hao panya wana siku ngapi?"

"Tano."

Akacheka, akaenda zake kunywa chai.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kipokezi cha GABA ni mlango tu wa kloraidi, yenye chaji hasi. Kwa panya mkubwa, mlango ukifunguka kloraidi huingia na seli hutulia. Kwa kichanga, pampu ya NKCC1 imeshairundika ndani, hivyo mlango ukifunguka inatoka, na seli inasisimka. KCC2, pampu ya kuitoa, bado ni haba. Kwa panya huongezeka sana katika wiki mbili za mwanzo. Kundi la Yehezkel Ben-Ari kule Paris lilionyesha msisimko huo mwaka 1989. Sikuwa nimegundua kitu, nilikuwa sijasoma. Wala si hitilafu: msisimko huo huingiza kalsiamu, nayo husaidia seli changa kukua na kuunganika.

Kosa langu la pili lilikuwa la mkono. Ukitoboa seli kwa pipeti, kimrija chembamba cha kioo chenye maji ya chumvi cha kupimia umeme wake, kloraidi iliyomo humwagika ndani, na baada ya dakika chache unapima maji yako mwenyewe. Gusisha pipeti kwenye utando bila kuutoboa, au tumia gramisidini, antibiotiki inayotoboa vitundu kwenye utando, ambavyo havipitishi kloraidi.

Na andika umri kwa makini, hadi saa. Mwaka 2006 ilionekana kwamba oksitosini, homoni ya uchungu wa uzazi, ya mama panya, wakati wa kuzaa, hushusha kloraidi katika seli za kitoto: GABA inatuliza kwa muda mfupi, kisha inarudia uchochezi wake. Ukiandika "siku ya 0" pekee, umechanganya wanyama wawili tofauti.

(Mzazi uliyefika hapa ukitafuta habari za degedege la kichanga: ni kweli fenobarbitali, dawa ya degedege, hupitia GABA, na huenda hii ni sababu mojawapo ya dawa hiyo kugonga mwamba kwa baadhi ya wachanga. Usiipunguze wala kuiacha bila daktari. Mimi ni mtu wa panya.)

Watakaowatesa zaidi ni wa siku 8 hadi 12. Seli mbili za panya mmoja, kipande kimoja: hii inanyamaza, jirani yake inatatarika. Msimwage chupa.