Kwa nyie mnaoanza kupinga njia za pikipiki na 4x4 msituni

Nyie mnaojiunga sasa hivi na sisi wakazi wa huku Pugu na Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kutetea msitu wetu wa Pugu na Kazimzumbwi, naomba niwaambie mapema yale niliyojifunza vikaoni, maana wengi naona mnakuja na moto halafu baada ya kikao kimoja mnapotea.

Kwanza acheni kuanza na "sisi tunapenda mazingira". Mwenye mradi wa hizo njia naye atasimama atasema anayapenda, na hapo mjadala umeisha. Ongeeni udongo na maji. Mto Msimbazi unaanzia huku kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na Msimbazi ndio huohuo unaojaa pale Jangwani, bondeni mjini, mpaka barabara inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Sasa 4x4 na mapikipiki yakipita sehemu moja kila wikiendi yanashindilia udongo, mvua ikinyesha maji hayazami tena, yanafuata alama ya tairi kuteremka nayo, masika ya kwanza unaona mfereji, masika zikirudi mara mbili tatu ushakuwa korongo na mchanga wote umeenda mtoni. Na dereva akikuta tope hapiti katikati, anazungukia pembeni, anayekuja nyuma anazungukia mbali zaidi, kile kinjia kilichoombwa kwenye karatasi kinageuka uwanja. Mtu wa kule bondeni, Kigogo au Jangwani, ukimwambia hivi anaelewa kabla hujamaliza, na huyo ndiye mnamhitaji kwenye kikao kuliko sisi tunaojuana wenyewe kwa wenyewe.

Halafu mkaa, hapa watu wengi wanasahau kabisa. Pugu na Kazimzumbwi imekatwa sana kwa sababu iko puani mwa jiji na mkaa unauzika siku hiyohiyo. Njia ikishachongwa mpaka katikati ya msitu, mtu wa starehe anapita Jumamosi, mtu wa mkaa anapita usiku. Kwahiyo kila ukiona ramani ya njia uliza geti liko wapi, nani analinda, na analipwa na nani. Na mle ndani kuna komba wa Rondo, kanyama kadogo ka usiku kanakoishi Tanzania tu, tena kwenye vimsitu vichache vya pwani, kakikosa miti iliyoshikana hakana pa kwenda. Mimi hako kananiuma sana, nasema wazi.

Sheria someni, msiogope ukubwa wake. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka tathmini ya athari kabla ya kujenga barabara ndani ya hifadhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa wewe mwananchi haki ya mazingira safi na salama na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Ukijua hayo mawili tu swali lako linabadilika, unauliza "tathmini iko wapi tuisome", na mtu hawezi kukujibu kwa hotuba.

Mkiambiwa hakuna nchi inayobana hivyo, semeni Marekani. Rais Nixon alitoa amri mwaka 1972 kwamba njia za magari ya aina hii kwenye ardhi ya umma zipangwe kwa kupunguza madhara kwa udongo, vyanzo vya maji, mimea na wanyama, Rais Carter akaongeza makali 1977, ikitokea uharibifu mkubwa njia inafungwa palepale. Tangu 2005 kanuni ya misitu yao ya taifa ni kwamba gari lipite tu kwenye njia au eneo lililotengwa na kuchorwa kwenye ramani. Na pamoja na hayo wananchi kule bado wanabishana na maafisa wanaopanga hizo njia, msitu kwa msitu, kwahiyo msidhani kazi hii ni ya wiki mbili.

Vijana wa boda msiwafanye maadui jamani. Wameahidiwa ajira za kuongoza wageni, na njaa ni kweli. Kaeni nao, waulizeni ajira ngapi na mkataba uko wapi, tena wao ndio wanajua kila kichochoro cha mle kuliko afisa yeyote. Utalii wa kutembea kwa miguu na kuangalia ndege unahitaji waongozaji pia, huo mimi nauunga mkono kabisa.

Barua ya kupinga peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, bila mhuri hiyo barua haipo. Picha pigeni kabla ya mvua na baada ya mvua, pale pale, ionekane mti uleule. Na kama kibali kimeshatoka msikunje mikono, ombeni kwa maandishi njia ifungwe masika yote Machi mpaka Mei, isipite kwenye mteremko mkali wala kuvuka kijito, na iandikwe kwa jina nani atafukia makorongo na kwa hela ya nani.