Wigi ya nywele za India, ni ibada ya sanamu?

SWALI: Shalom Rabi. Mimi ni mke wa mtu, nafunika kichwa kwa wigi. Juzi nimesoma lebo imeandikwa nywele za India, wenzangu wa sinagogi wakaniambia nimevaa sanamu kichwani. Sasa mimi sijasujudia kitu, kosa langu liko wapi?

JIBU: Shalom dada. Hujaabudu sanamu, hilo litoe moyoni kabisa. Ila kwa sheria yetu avoda zara, yaani ibada ya sanamu, haiishii kwenye kusujudu, manake sanamu yenyewe ni haramu kunufaika nayo na kile kilichotolewa sadaka kwake pia ni haramu, na hiki cha pili ndo kikali zaidi. Sanamu, mwenyewe asiye Myahudi akiikata ncha ya pua au ya sikio kwa kuikataa, Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inasema imebatilika, lakini kilichotolewa sadaka hakibatiliki milele.

Sasa kule Tirupati, kusini mwa India, mahujaji wananyoa vichwa kwa nadhiri ya mungu wao Venkateswara, hekalu linakusanya zile nywele linazipiga mnada, mwisho zinafika viwandani. Mwaka 2004 Rabi Yosef Shalom Elyashiv wa Jerusalem, baada ya rabi mmoja wa London kwenda kujionea mwenyewe, akasema ni haramu, basi kina mama wakazichoma wigi zao barabarani mpaka Brooklyn kule New York, na zile ni wigi za bei mbaya sio mchezo.

Waliompinga nao wana hoja nzito tu. Wanasema kinyozi si kuhani, pa kunyolea ni jengo la pembeni, nywele haziletwi mbele ya sanamu, na sadaka ya kuharamisha lazima ifanane na huduma ya Hekalu letu la kale la Jerusalem, kama kuchinja au kuchoma. Wao wanaona yule hujaji anajishusha tu. Mimi bado niko na Elyashiv, kwa sababu nadhiri imewekwa kwa jina la yule mungu na kunyoa ndo nadhiri yenyewe, kwa hiyo ibada imeshafanyika pale wembe unapopita.

Lakini lebo ya India peke yake haithibitishi kitu, kuna nywele nyingi za huko zinaokotwa kwenye vitana majumbani, na lebo za wigi nazo tunazijua zilivyo waongo. Muulize aliyekuuzia zimetoka wapi. Akikosa jibu la kueleweka iweke pembeni, vaa ya plastiki au piga kilemba, na ukija kuhakikisha ni za hekaluni usimuuzie jirani, maana hata hela yake ni kunufaika.