Tumbo Chini, Miguu Kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza umzuie mtoto wako kupanda vitu au umwache. Ana miezi 15, mmehamia ghorofa ya tatu, asubuhi yuko juu ya mgongo wa sofa, mchana kwenye meza ya televisheni, jioni ananing'inia kwenye nondo za dirisha. Unamkemea mpaka sauti inakauka, yeye anacheka. Humzuii. Utakachofanya ni kumchagulia pa kupanda, kukaza kinachoweza kumwangukia, na kumfundisha kushuka. Hilo la mwisho wengi hulisahau, kwa hiyo naanza nalo.

Mtoto hujua kupanda kabla hajajua kushuka. Akipanda, macho na mikono viko mbele, anaona anakokwenda. Akitaka kushuka anatanguliza kichwa vilevile, na kichwa cha umri huo ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake. Kikishavuka ukingo, mwili wote unafuata.

Mfundishie kitandani. Akifika ukingoni, mshike kiuno umgeuze taratibu mpaka tumbo lilale kwenye godoro na miguu ielekee nje. Sema maneno yaleyale kila mara: "Geuka. Tumbo chini. Miguu kwanza." Usimbebe. Shika vifundo vya miguu, mvute kidogo kidogo mpaka nyayo ziguse sakafu, mwenyewe asikie kwamba chini kuna kitu. Asipogusa kitu ataogopa, atang'ang'ania shuka, na wewe utamnyanyua, hapo somo limeharibika. Kitanda chenu kikiwa kirefu, weka chini godoro la sponji la inchi 4 limkutie miguu njiani. Rudieni mara tano asubuhi, mara tano jioni. Wako wanaoshika kwa siku chache, wako wanaochukua wiki kadhaa. Dada na baba yake nao wayatumie maneno hayohayo. Huyu akisema "shuka" na yule "rudi nyuma", mtoto anabaki kuwatazama tu.

Ukimkuta juu, usipige kelele. Akishtuka hugeuza shingo kukutafuta, mkono mmoja unaachia, na anaanguka kwa sababu yako. Nenda kimya, kiganja kikae karibu na mgongo wake bila kumgusa, ndipo useme "miguu kwanza". Dirishani au jikoni hakuna somo: mnyakue.

Pia usimpandishe mahali ambapo mwenyewe hawezi kupafikia, hata akikunyooshea mikono na kulia. Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria aliyeanzisha nyumba ya kulelea watoto mjini Budapest mwaka 1946, alilishikilia sana jambo hili, na ukimwangalia mtoto kwa utulivu utaona kwa nini. Aliyepanda kwa nguvu zake amepima kila hatua kwa goti na kidole. Uliyemweka juu ya meza umempa urefu asioujua. Kwa sababu hiyohiyo sikipendi kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea: kinampa mtoto mwendo na kimo ambavyo miguu yake haijavistahili. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Kama mmeletewa zawadi, shukuruni, mkiweke stoo.

Ndani ya nyumba apande peku. Soksi kwenye marumaru ni kama sabuni. Mvue na uzi wa shanga au hirizi shingoni, na nguo yenye kamba kwenye kofia, maana ikinasa kwenye kitasa naye ameachia mikono, inamkaba. Kamba za mapazia na za neti zifungwe juu asikozifikia.

Sasa samani. Kabati la droo ndilo linalonitisha kuliko sofa. Mtoto huvuta droo ya chini akaikanyaga, akavuta ya pili akaishika. Uzito wa droo zilizotoka pamoja na wake unahamia mbele, na kabati linamlalia. Meza ya televisheni ni hivyohivyo, na televisheni ya siku hizi ni nyepesi kiasi kwamba mkono mmoja unaivuta. Nunueni vyuma vya pembe, viwili kwa kila kabati, vikazwe kwenye ubao mgumu wa juu wa kabati, si kwenye plaiwudi nyembamba ya mgongoni, kwa sababu hiyo inachanika. Upande wa ukuta usikubali fundi apige msumari: kwenye tofali za saruji hulegea baada ya kutikiswa mara chache. Atoboe kwa drili, atangulize kile kiplastiki kinachoshika skrubu, ndipo akaze. Akimaliza, vuta droo ya juu mpaka mwisho na uikandamize kwa mkono. Kabati likisogea hata kidogo, kazi irudiwe. Mwenye nyumba akilalamika, matundu manne huzibwa kwa simenti nyeupe mkihama. Vitu vizito vikae droo za chini, na rimoti isikae juu, kwa kuwa ndiyo inayomwita.

Dirisha. Sogezeni sofa na kitanda mbali na madirisha leo hii, msisubiri Jumamosi. Wavu wa mbu haumzuii mtoto, unamzuia mbu. Nondo zinazolala mlalo ni ngazi, na nafasi kati yake ikizidi sentimita 9 ni hatari: kiwiliwili kikipita, kichwa kinaweza kukwama, na mtoto akabaki ananing'inia kwa shingo. Kwa dirisha la alumini la kuteleza, kata kipande cha mbao ukilaze kwenye reli ya chini, dirisha lisifunguke zaidi ya nafasi hiyohiyo.

Barazani ondoeni ndoo, viti, chungu cha maua, kila kinachoweza kuwa kigoda. Ukuta wa baraza unaonekana mrefu mpaka ndoo ya lita 20 igeuzwe chini juu. Mlango wake uwe na komeo mita moja na nusu kutoka sakafuni, na lifungwe hata mnapoanua nguo kwa dakika mbili.

Jikoni shida ni kiti cha plastiki. Ni chepesi, anakisukuma kwa kifua mpaka kwenye jiko. Vikae nje ya jikoni, au vilazwe ubavu. Mishikio ya sufuria ielekee ukutani, upike kwa plate ya nyuma kwanza, chupa ya chai isikae kwenye kitambaa cha meza kinachoning'inia. Bafuni, ndoo ya maji ya akiba iwe na mfuniko unaokaza au igeuzwe tupu. Akiinama kuchungulia, kichwa kinamvuta ndani, na maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha kimya kimya.

Akianguka (na ataanguka), mtazame kabla ya kumnyanyua: analia? anasogeza mikono na miguu yote? Nundu iwekee kitambaa chenye maji baridi, dakika kumi, na usiikande. Mpelekeni hospitali mara moja akizimia hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akitoka damu au maji masafi puani au masikioni, akisinzia isivyo kawaida, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au akikataa kutumia mkono au mguu. Akiwa ameanguka kutoka juu zaidi ya sentimita 90, aonwe hata kama anacheka. Ukiona shingo haigeuki au inamuuma, usimsogeze bila msaada. Kulala baada ya kuanguka si kosa kama alikuwa mchangamfu na ni saa yake ya kulala. Mwamshe mara moja moja uone anakutambua.

Mwisho, pa kupanda. Ukimnyima kila mahali ataiba, na ataiba pale pabaya. Mwambie fundi seremala akutengenezee ngazi ya hatua tatu ya plaiwudi ya milimita 18: kila hatua kimo sentimita 15, kina 25, upana 50. Pande zote na mgongo vizibwe, pasiwe na uwazi wa kuingiza kichwa. Vichwa vya skrubu vizame, kona zipigwe msasa mpaka ukipitisha kiganja usikwaruzwe, na chini zigongwe vipande vya mpira ili isiteleze. Watu hupenda ile ya pembetatu yenye vipande vya duara kama ngazi. Inapendeza, ila mafundi wengi wanaiiga kwa jicho, na nafasi kati ya vipande inaangukia palepale ambapo kiwiliwili hupita na kichwa hakipiti.

Iegemee ukutani, godoro la inchi 4 mbele yake, mbali na dirisha na meza. Akienda sofani mbebe umlete kwenye ngazi yake, "hapa ndipo tunapopanda", bila hasira, mara thelathini kwa siku ikibidi. Kabla hujaenda kwa fundi nipimie ile kona kati ya mlango wa chumba na kabati. Isipofika sentimita 80, itabidi hatua ziwe mbili.

Mama yako