Kwa nini malori huanguka palepale Salgaa

Umeuliza kwa nini ajali za malori zinajirudia Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret nchini Kenya. Tazama mteremko kwanza. Kutoka Mau Summit kuelekea Nakuru barabara inashuka kilomita nyingi, na kosa hufanyika juu, ajali ikatokea chini. Dereva anaingia na gia kubwa, au anatoa gia aende fri kuokoa dizeli, kisha anakanyaga breki mfululizo. Trela la tani 50 likishuka kimo cha mita 100 linatoa nishati ya megajuli 49 hivi. Injini isipolizuia, nishati hiyo nyingi huishia kwenye breki kama joto. Dramu (duara la chuma la gurudumu) inatanuka, inaachana na breki shuu (vipande vinavyoibana kutoka ndani), unakanyaga na gari halishiki. Na chini ndiko kuna maduka, malori yaliyoegeshwa, watu wanavuka.

Ukuta wa katikati uliojengwa baada ya ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, ya 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, unazuia kugongana uso kwa uso, ila hausaidii lori lililokwisha kupoteza breki. Punguza gia kabla ya kuanza kushuka, washa breki ya injini; breki ya mguu kanyaga kwa nguvu sekunde chache, kisha achia kabisa ipoe.