Fundi wa mtaani unayetaka cheti, soma hii kabla hujalipa ada popote

Wadogo zangu, wiki haipiti bila mtu kunifuata saiti, "kaka nina miaka nane kwenye uashi, sina karatasi hata moja, naanzia wapi?" Na kila mara naanza hadithi upya tumesimama juani, kwahiyo leo naiweka yote hapa, mtanisamehe nikizunguka.

Mimi kidato cha nne nilipata ziro. Sio ziro ya kuonewa, ziro ya haki kabisa, hesabu F na nilistahili. Nikaingia saiti saidia fundi, kubeba zege na kuchota maji, baadae nikashika mwiko, nikakaa hivyo miaka tisa nikiamini mambo ya shule kwangu yameisha. Hakuna aliyeniambia kwamba hii nchi yetu Tanzania ina ngazi ya elimu yenye namba, na kwamba ile ngazi haikuulizi umri wala ulipotea wapi, inakuuliza unaweza kufanya nini.

Ngazi yenyewe ni hivi. Chini kuna ufundi stadi, ile ya VETA, levo 1 mpaka 3, vyeti vyake vinaitwa NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi. Ikiendelea juu inaitwa NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, na iko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi (wazee bado wanaita NACTE, ndio jina lake la 1997 kabla haijaongezewa ufundi stadi), hapo levo 4 na 5 ni cheti, 6 ni diploma, 7 diploma ya juu, 8 digrii, 9 masters, 10 ndio udaktari wa kusomea. Vyuo vikuu wasimamizi wao ni TCU, tume ya vyuo vikuu. Wakubwa wanaita mfumo wa taifa wa tuzo, sisi huku tunasema tu levo, mtu anakuuliza "una levo ngapi?" kama anakuuliza namba ya kiatu. Na kweli shika namba kuliko jina la kozi, maana jina la kozi mtu yeyote anaweza kulipamba, namba inakwambia umetoka wapi na mlango unaofuata ni upi.

Sasa kwa fundi wa mtaani mlango wa kwanza sio kwenda kukaa darasani, ni kutambuliwa ujuzi ulionao tayari. Wenyewe wanaita RPL, au urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, jina refu kuliko lenta ya sebule lakini maana yake ndogo tu: unajaza fomu, unajipima mwenyewe nini unaweza na nini huwezi, unafanyiwa usaili, unapimwa kwa vitendo, palipo na pengo unafundishwa hilo pengo peke yake, unapimwa tena, unapata cheti. Uashi upo, useremala, ushonaji, ufundi magari, upishi, uhudumu wa hoteli.

Ngoja niwasimulie siku niliyopimwa, maana hapo ndo nilielewa kitu. Mtathmini, mama mmoja mtu mzima kavaa buti la saiti, akanipa matofali, mwiko, pima maji na kamba, akasema nipandishie kona kozi nne, yaani mistari minne ya matofali. Hiyo kwangu ni kama kula. Nikaanza kwa kupata mraba, nikavuta kamba sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, nikahakikisha mshazari unasoma 100, nikapiga misumari. Akaniuliza kwanini 60, 80, 100? Nikasema ndivyo nilivyofundishwa na fundi mkuu, ikisoma mia kona iko sawa. Akacheka, akasema hiyo ni Pythagoras. Asee nilisimama pale nimeshika kamba. Yaani ile hesabu iliyonipa F ndio nilikuwa naipiga kila asubuhi kwa miaka tisa!

Halafu akanigeuzia kibao. Akauliza uwiano wa mota yako ni ngapi? Nikajibu toroli tatu za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji. Akasema sijauliza toroli, toroli za saiti zinatofautiana na wengine wanajaza kichuguu, niambie kwa uwiano. Kimya. Jibu lilikuwa kama moja kwa sita hivi, nilikuwa nalichanganya kila siku ila sijui kulisema. Akatoa ramani ya kipimo cha moja kwa mia, akaniuliza dirisha hili lina upana gani, nikaona aibu, maana muda wote nimekuwa nikiambiwa na foromani "acha mita na nusu hapo" naacha mita na nusu. Kwahiyo mapengo yangu yakawa mawili, kusoma ramani na hesabu za vifaa, nikafundishwa hayo tu, hakuna aliyenirudisha kujifunza kushika mwiko. Ndo maana nawaambia msiende na kiburi cha "mimi nimejenga ghorofa", nendeni mkijua kuna kitu hamkijui, na wala msijidharau, maana wengi mna hesabu mikononi mnazoziogopa kwenye karatasi. Afrika Kusini walipotunga sheria yao ya mfumo kama huu wa levo mwaka 1995, vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshaupigania sana kwa sababu hii hii, watu weusi walikuwa viwandani miaka na miaka, kazi wanaijua, karatasi walinyimwa.

Baada ya hapo nikaendelea mpaka NVA levo 3 na hapa sikilizeni vizuri nyie mliofeli, maana hiki ndo kitu ambacho ningeambiwa nina miaka 19 ningewahi. Kwenye vigezo vya TCU vya kuingia digrii kupitia diploma, wanataka D nne za kidato cha nne AU NVA levo 3 hata kama D hazifiki nne, halafu na diploma yenye GPA isiyopungua 3.0. Neno AU, herufi mbili tu, lakini ndo limebeba maisha yangu. Maana yake levo 3 ya ufundi inasimama pale ambapo cheti changu cha sekondari kilianguka. Kutoka levo 3 unaweza kuomba NTA 4 kwenye fani yako, ila masharti ya kila kozi yako kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili wa mwaka huo, soma cha mwaka husika, usisome cha binamu yako wa miaka mitano iliyopita.

Kosa langu sasa. Kabla sijajua haya yote kuna chuo fulani, sitakitaja, nilikilipa laki saba na nusu za mkupuo, kozi ya miezi sita "ya sivo", yaani uhandisi wa ujenzi, bango zuri, joho siku ya mahafali, picha nimepiga na mama yangu mpaka leo iko sebuleni. Cheti hakikuwa na levo. Nilipokipeleka kuombea nafasi, dada wa udahili akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akaniuliza kwa upole "hii ni NTA ngapi?" Sikuwa hata naelewa swali. Chuo chenyewe kilikuwa na usajili kweli, lakini ile kozi haikuwa na ithibati, na hivyo ni vitu viwili tofauti, chuo kusajiliwa sio kozi kutambuliwa. Kwahiyo kabla hujatoa hata mia uliza maswali mawili, hii kozi inaishia levo ngapi na nikimaliza hiyo levo naingia wapi, halafu usichukue jibu la mtu wa mapokezi, kalihakiki NACTVET mwenyewe. Chuo kizuri hakikasiriki ukiuliza.

Kingine ni majina. Mnaona kitu kidogo eti. Mimi usajili wa shule una jina la baba mwishoni, kitambulisho cha NIDA kina la babu, cheti cha ufundi nikaandika la kwangu na la babu tu maana fomu ilikuwa fupi, matokeo yake wakili, kiapo, nenda rudi wiki tatu na dirisha la maombi linafungwa. Andika majina matatu yaleyale kila sehemu kuanzia leo. Na mkifika diploma kumbukeni ili kuomba digrii unahitaji AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, na haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo yako, kwahiyo kila semista ikiisha hakikisha ya kwako yamefika, usingoje mwaka wa mwisho ndo uanze kugombana na ofisi.

Kuhusu kusoma huku unafanya kazi, uzuri wa hizi levo ni kwamba kila moja ni kituo, sio lazima umalize safari siku moja. Kuna jamaa yangu tulianza naye levo 4, alipomaliza 5 baba yake akaugua, akashuka na cheti chake cha levo 5 mkononi, akafanya kazi miaka mitatu, akarudi akaingia 6. Hakuanza upya. Hesabu yao inaenda kwa krediti, krediti moja ni kama saa 10 za kujifunza, mwaka mzima krediti 120, yaani saa 1,200, na humo kuna darasa, kuna vitendo, kuna na ile ya kusoma mwenyewe usiku macho yamejaa saruji. Msidanganyane kwamba ni rahisi, mimi nimesinzia kwenye vipindi vya mekaniki mpaka mwalimu akaanza kuniita mzee.

Kwa wanaofikiria kuvuka Namanga kutafuta kazi, jueni namba hazifanani. Wenzetu Kenya wana mfumo wao kwa sheria ya 2014, nao una levo 10, ila kwao digrii iko levo 7, kwetu iko 8, ingawa diploma tunakutana kwenye 6. Tuna fundi mmoja kutoka Kenya hapa saiti ana "gredi tu", yaani gredi ya pili, ya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, wa kwetu walikuwa wanambeza eti "gredi tu ni kitu gani", kumbe kwao nazo zina nafasi yake kwenye ngazi. Beba cheti na tranzkripti, usibebe namba peke yake mdomoni.

Na nyie ambao hamjaanza kabisa, mnangoja pesa au mnangoja mvua zipite, sawa, ila ushahidi anzeni kukusanya sasa. Barua ya kontrakta uliyefanya naye kazi, yenye tarehe na namba ya simu. Mikataba hata ya ukurasa mmoja. Picha za kazi. Jana saidia fundi wangu mmoja kanionyesha simu yake imejaa picha, kona, msingi, lipu, ngazi za ghorofa, zaidi ya mia, kazi safi kabisa, akaniuliza hizi zitafaa? Nikamwambia zinafaa lakini hakuna hata moja uliyomo, zote ni kuta tu. Akampa mwenzake simu, akarudi pale kwenye kona, akashika pima maji.