Usimtoe mwanao nyumbani

Dada, umeuliza kama dini inakulazimisha kumfukuza kijana wako wa miaka 17 kwa sababu amekwambia anapenda wa jinsia yake. Hapana, haikulazimishi. Mimi ni mama wa hapa Ngamiani, Tanga, Mkatoliki. Papa Fransisko, tarehe 26 Januari 2022, aliwaambia wazazi wenye watoto kama wako wawe bega kwa bega nao, wasijifiche nyuma ya hukumu.

Na hili si la kanisa tu. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake, Marekani, 2009, ulikuta vijana waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, kuliko waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa. Hebu mwoneshe mumeo namba hiyo, taratibu, akishatulia.

Lakini siri itunze sana. Kifungu cha 154 cha sheria zetu za jinai, kinachoadhibu ngono ya kinyume cha maumbile, kinafika hadi kifungo cha maisha, kwa hiyo habari hii isifike jumuiya wala barazani. Ukitaka ushauri wa padre au shehe, mpime kwanza kwa kisa kisicho na jina. Akianza kufoka, aga uondoke.

Usiku huu mpakulie chakula, mle pamoja.