Trela la boti likila matairi upande wa ndani

Nilinunua matairi mapya mara mbili kabla sijakubali kwamba ugonjwa haukuwa kwenye matairi. Yote mawili yaliliwa ndani hadi kipara, huku kashata (meno ya tairi) za nje zikiwa bado nzima kabisa. Nikaongeza upepo, kazi bure. Upepo mdogo hula kingo zote mbili, ukizidi hula katikati. Ukingo mmoja ukiliwa peke yake, tafuta kilichopinda au kilichohama.

Kosa langu jingine ni kupima trela likiwa tupu. Nilisimamisha rula ndefu kwenye ubavu wa tairi, nikaona mambo safi. Siku nyingine nikapima boti ikiwa juu na tangi limejaa: matairi yameegemea ndani kwa juu, yametanuka chini kama miguu ya stuli. Ekseli nyingi, yaani vyuma vya kukingama vinavyobeba magurudumu, huundwa na mpindo mdogo wa kwenda juu ili mzigo ukikaa zinyooke. Yangu ilishazidiwa. Nilikuwa nimehesabu uzito wa boti yenyewe tu, nikasahau injini, betri, nanga na mafuta. Lita 200 za petroli peke yake ni kama kilo 150!

Likiliwa tairi moja tu, shuku upande huo: huenda liligonga ukingo wa barabara, au springi imechoka. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya mdomo wa trela (pale linapofungwa kwenye gari) hadi kila habu (kitovu cha gurudumu). Vipimo visipolingana, ekseli imesogea. Angalia bolti za umbo la U zinazoishika. Maji ya chumvi huzila kimyakimya.

Pitisha kiganja juu ya kashata, ukivuka tairi. Ikiwa kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Mabonde mabonde kwenye kashata ni habari nyingine: inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, fungua beringi. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji.

Jeki usiiweke katikati ya ekseli, utapinda ekseli kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi alitaka kuinyoosha ekseli yangu kwa moto. Nilikataa, nikafunga ekseli yenye uwezo mkubwa zaidi, pamoja na springi na matairi ya kuendana nayo. Nikapima tena, safari hii boti ikiwa juu na tangi limejaa.